Daktari Aliyeshuka Kitini: Maisha ya Andreas Vesalius

SABATO MCHANA

Barabara itokayo Mombo hupanda Milima ya Usambara kwa kona nyingi mpaka Soni. Hapo hugawanyika. Moja huendelea Lushoto, nyingine huenda Bumbuli, kwenye hospitali ya siku nyingi ambako matabibu wamefunzwa kazi. Kijana anayeshuka basi Soni ili atafute gari la Bumbuli, akiwa na begi la nguo na madaftari, ana masomo mengi yanayomngoja. Mojawapo ya yale ya kwanza ni jinsi mwili wa binadamu ulivyo ndani: mifupa, misuli, mishipa, moyo, ini na ubongo. Somo hilo huitwa anatomia.

Leo mwanafunzi huyo hufungua kitabu na kuona kila kiungo kimechorwa mahali pake, naye huamini kwamba ndivyo kilivyo. Haikuwa hivyo siku zote. Kwa zaidi ya miaka 1,300 madaktari wa Ulaya walijifunza habari za mwili kutoka katika vitabu vya mtu mmoja, Galen, na vitabu hivyo vilikuwa na makosa mengi. Watu walikatwa, walitolewa damu na kupewa dawa kwa kufuata makosa hayo. Waliosoma vitabu hivyo hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa wasomi wakubwa wa nyakati zao, lakini hawakuthubutu kuamini macho yao pale macho yalipopingana na kitabu.

Somo la juma hili linahusu daktari aliyethubutu, na gharama iliyolipwa ili athubutu. Sehemu ya gharama hiyo aliilipa mwenyewe. Sehemu kubwa zaidi ililipwa na wengine.

JUMAPILI

Mtoto wa Mtengeneza Dawa

Andreas Vesalius alizaliwa Brussels, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, tarehe 31 Desemba 1514. Baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Kaisari Charles wa Tano, na katika ukoo wao walikuwapo matabibu kwa vizazi kadhaa. Nyumbani kulikuwa na vitabu vya tiba. Tangu utotoni Andreas alipenda kujua kilichomo ndani ya viumbe, naye alipasua panya, fuko, paka na mbwa ili aone.

Alisoma Leuven, kisha mwaka 1533 akaenda Paris kusomea utabibu. Huko mwalimu wake mmoja alikuwa Jacobus Sylvius, mtu mwenye elimu kubwa na heshima kubwa zaidi kwa Galen. Galen alikuwa Mgiriki, aliyezaliwa Pergamo mnamo mwaka 129 na kuwatibu makaisari wa Rumi. Aliandika sana, na mengi aliyoyaandika yalikuwa mazuri. Lakini katika siku zake kupasua maiti ya binadamu hakukukubalika. Kwa hiyo alipasua nyani wa Afrika Kaskazini, nguruwe, mbuzi na ng'ombe, kisha akaandika juu ya binadamu kana kwamba kila alichokiona katika wanyama kimo pia ndani ya mtu.

Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya bucha la Soni siku ya soko anaweza kuelewa jambo hilo. Mchinjaji mzoefu anajua mbuzi alivyo ndani kuliko watu wengi waliosoma. Anajua taya la chini la mbuzi huachana katikati likawa vipande viwili. Lakini akisema kwamba taya la mtu nalo ni mifupa miwili, amekosea. La mtu mzima ni mfupa mmoja. Galen alisema ni mifupa miwili, na ulimwengu wa wasomi ukarudia maneno yake karne baada ya karne.

Jinsi ya kufundisha nayo ilisaidia kosa kudumu. Profesa aliketi juu katika kiti kirefu akisoma kitabu kwa Kilatini. Chini yake kinyozi, ambaye mara nyingi hakujua Kilatini, alikata maiti kwa kisu. Mtu wa tatu alionyesha kwa fimbo kiungo kilichokuwa kikitajwa. Aliyejua kitabu hakugusa mwili, na aliyegusa mwili hakujua kitabu. Ilipotokea kwamba kitabu na mwili havipatani, hakukuwa na wa kusema.

Tafakari: Ni mambo gani unayoyaamini kwa sababu tu mtu unayemheshimu aliyasema? Ni yapi kati ya hayo umewahi kuyapima?

JUMATATU

Kichwa cha Kondoo Mezani

Mwaka 1536 vita kati ya Ufaransa na Kaisari vilimfanya Vesalius aondoke Paris, naye akarudi Leuven. Mwishoni mwa mwaka 1537, akiwa na miaka 22, alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Padua, Italia. Siku iliyofuata alikabidhiwa kazi ya kufundisha upasuaji na anatomia.

Hapo alifanya jambo lililowashangaza wengi. Alishuka kutoka kwenye kiti. Akamwondoa kinyozi, akashika kisu mwenyewe, akapasua na kueleza kwa wakati mmoja. Wanafunzi walisogea karibu, na yeye akawahimiza waguse kwa mikono yao. Mwaka 1538 alitoa michoro mikubwa sita ya mwili. Tatu kati ya hizo zilionyesha mifupa, nazo zilichorwa na Jan Stephan van Calcar.

Hata hivyo michoro hiyo bado ilimfuata Galen. Ini lilichorwa likiwa na sehemu tano, kama la wanyama fulani, wakati ini la mtu halikugawanyika hivyo. Chini ya ubongo ulichorwa wavu wa mishipa midogo ya damu. Galen alifundisha kwamba katika wavu huo ndimo nguvu ya uhai hugeuka kuwa nguvu ya akili. Wavu huo upo kweli kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe. Anayepasua kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu anaweza kuuona. Kwa binadamu haupo.

Vesalius alikuwa akipasua vichwa vya watu mbele ya wanafunzi na hakuuona wavu huo. Basi alifanya nini? Baadaye aliandika wazi kwamba alikuwa na desturi ya kuweka kichwa cha mwanakondoo au cha ng'ombe karibu na kichwa cha mtu. Alipofika mahali pa wavu, aliwaonyesha wanafunzi wavu wa mnyama, ili wasiseme kwamba ameshindwa kupata kitu ambacho Galen alikijua. Macho yake yalimwambia ukweli, lakini mdomo wake uliendelea kusema la kitabu.

Alipoujua ukweli hakuificha aibu hiyo. Aliandika kwamba alijishangaa kwa kumwamini Galen kiasi hicho. Angeweza kunyamaza, maana wanafunzi wake wasingejua kamwe.

Tafakari: Kwa nini ni vigumu kukiri kosa tulilowafundisha wengine kuliko kosa tulilolifanya peke yetu?

JUMANNE

Kitabu cha Mwaka 1543

Katika mwaka 1540 Vesalius alialikwa Bologna kupasua mbele ya wanafunzi na maprofesa. Huko aliunganisha mifupa ya mtu na mifupa ya nyani, akaviweka viunzi hivyo pamoja. Waliokuwapo waliweza kuona wenyewe kwamba sehemu fulani ya uti wa mgongo iliyoelezwa na Galen ilikuwa kwa nyani na haikuwa kwa mtu. Hapo ndipo alipoelewa chanzo cha makosa. Galen hakuwa mwongo. Aliandika kwa uaminifu alichokiona, ila alichokiona hakikuwa binadamu.

Kuanzia hapo alifanya kazi kwa bidii kubwa. Michoro ilichongwa kwenye vipande vya mbao, vikafungwa na kubebwa kuvuka milima ya Alps mpaka Basel, Uswisi, kwa mchapaji Johannes Oporinus. Vesalius mwenyewe alikwenda huko kusimamia uchapaji. Mwaka 1543 kitabu kilitoka. Jina lake la Kilatini ni De humani corporis fabrica, yaani juu ya muundo wa mwili wa binadamu. Kilikuwa na sehemu saba, kurasa zaidi ya 600 na michoro zaidi ya 200. Mwandishi wake alikuwa na miaka 28. Mwaka huohuo kilitoka pia kitabu cha Nicolaus Copernicus kilichosema kwamba dunia hulizunguka jua.

Kitabu cha Vesalius kilianza na mifupa, kwa sababu mifupa hubeba mwili kama nguzo zibebavyo nyumba. Kilifuata misuli, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, viungo vya tumbo, moyo na mapafu, na mwisho ubongo. Kilionyesha taya la chini kuwa mfupa mmoja. Kilionyesha mfupa wa kidari kuwa na sehemu tatu, wala si saba kama Galen alivyosema. Ule wavu wa mishipa chini ya ubongo ulikanushwa.

Faida yake haikuwa ya wasomi tu. Tabibu anayeunga taya lililovunjika anahitaji kujua kama anaunga mfupa mmoja au miwili. Anayetoa mshale au risasi anahitaji kujua mshipa mkubwa unapita wapi. Kwa mgonjwa, mchoro sahihi ni tofauti ya kupona na kufa.

Katika jambo moja Vesalius alisita. Galen alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Vesalius hakuviona vitundu hivyo, ila mwaka 1543 hakukana waziwazi. Alistaajabu tu jinsi damu ingeweza kupita. Katika toleo la pili la mwaka 1555 ndipo alipoonyesha shaka yake wazi. Hata mtu jasiri huhitaji muda.

Tafakari: Kuna tofauti gani kati ya kumheshimu mwalimu na kuyalinda makosa yake?

JUMATANO

Ubavu wa Adamu na Hasira ya Mwalimu

Soma Mwanzo 2:21, 22.

Katika siku za Vesalius watu wengi waliamini kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu kuliko mwanamke, kwa kuwa Hawa aliumbwa kutokana na ubavu wa Adamu. Hata leo yupo mtu anayesema hivyo bila kuhesabu. Vesalius alihesabu. Mwanamume ana mbavu 12 kila upande, na mwanamke vilevile. Jumla ni 24 kwa kila mmoja.

Hakulitumia jambo hilo kuyadhihaki Maandiko. Alieleza kwamba hata kama mifupa ya Adamu ingeonekana kuwa na ubavu mmoja pungufu, haifuati kwamba wazao wake wote wangepungukiwa. Jambo hilo ni rahisi kulielewa. Mkulima aliyekatwa kidole kwa panga huzaa watoto wenye vidole vyote. Aya haisemi kwamba wanaume wote wana upungufu. Watu ndio waliongeza neno hilo, kisha wakaliamini kana kwamba limeandikwa.

Lakini upinzani mkali zaidi haukuhusu Adamu. Ulihusu Galen. Mwalimu wake wa zamani wa Paris, Sylvius, alikasirika sana. Mwaka 1551 alichapisha kijitabu cha kumshambulia, akiligeuza jina la Vesalius liwe neno la Kilatini lenye maana ya mwendawazimu. Alipoonyeshwa kwamba mifupa haifanani na alivyoandika Galen, alidai kwamba miili ya wanadamu imebadilika na kuharibika tangu siku za Galen. Kwake ilikuwa rahisi kusema kwamba wanadamu wote wamekosea kuliko kusema kwamba kitabu kimekosea.

Upinzani juu ya Galen ulikuwa umemuumiza Vesalius hata kabla ya kijitabu hicho. Alipokuwa akihamia kwenye utumishi wa Kaisari, alichoma maandishi yake mengi ambayo hayakuwa yamechapishwa, kazi ya miaka mingi. Baadaye alijutia tendo hilo. Hasira za wengine zilimfanya aharibu kitu ambacho adui zake wasingeweza kukifikia.

Tafakari: Je, umewahi kuongeza neno kwenye jambo lililoandikwa, kisha ukalitetea kama ni sehemu ya maandiko yenyewe? Ungelipimaje?

ALHAMISI

Miili Ilikuwa ya Nani?

Habari za Vesalius mara nyingi husimuliwa kama habari za ushindi. Upo upande mwingine. Kila ukurasa wa kitabu chake ulitokana na mwili wa mtu, na mtu huyo hakuulizwa.

Akiwa Leuven mwaka 1536, yeye na rafiki yake Gemma Frisius walitembea nje ya mji mahali walipoachwa watu walionyongwa. Walikuta mabaki ya mtu mmoja ambaye ndege walikuwa wamemla nyama, mifupa ikiwa imeshikana bado. Vesalius alipanda kwenye nguzo, akachukua mifupa kidogo kidogo na kuiingiza mjini kwa siri. Hicho kilikuwa kiunzi chake cha kwanza kamili.

Padua hakimu Marcantonio Contarini alipendezwa na kazi yake, akampatia miili ya waliohukumiwa kifo. Miili hiyo haikutosha. Wanafunzi waliiba maiti makaburini. Vesalius mwenyewe anasimulia habari za mwanamke mmoja aliyetolewa kaburini mara baada ya kuzikwa. Ndugu zake walipolalamika, wanafunzi walikwisha kumchuna ngozi ili asitambulike. Katika ukurasa wa mbele wa kitabu chake kikubwa umechorwa umati wa watu, Vesalius akiwa katikati, na mbele yake mwili wa mwanamke. Mwanamke huyo alihukumiwa kunyongwa, akadai ana mimba ili asife. Wakunga walimpima, wakasema hana.

Mmoja wao jina lake linajulikana. Jakob Karrer aliuawa kwa hukumu ya uhalifu Basel mwaka 1543, wakati kitabu kilipokuwa kikichapwa. Vesalius alimpasua mbele ya watu, akaunganisha mifupa yake na kuiacha kwa chuo. Mifupa hiyo ingali imehifadhiwa Basel hadi leo.

Katika Usambara, kama mahali pengi, maiti ni ya ukoo. Watu husafiri kutoka mbali ili mtu wao asizikwe peke yake, na kaburi halichezewi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa uchungu wa ndugu wanaofika kaburini na kulikuta tupu. Elimu iliyopatikana ni ya kweli, na imeokoa maisha ya watu wengi kupita hesabu. Wizi nao ulikuwa wizi. Wema wa jambo la kwanza haufuti ubaya wa la pili. Ndiyo sababu leo, katika nchi nyingi, watu hutoa miili yao kwa hiari wakiwa hai ili wanafunzi wajifunze, na wanafunzi hufundishwa kuistahi maiti kama mwalimu wao wa kwanza.

Tafakari: Ni faida gani unazofurahia leo ambazo zililipwa na watu wasioulizwa? Unawezaje kuwaheshimu?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Baada ya kitabu chake kutoka, Vesalius aliacha ualimu akawa tabibu wa Kaisari Charles wa Tano, kisha wa mwanawe Philip wa Pili, mfalme wa Hispania. Mwaka 1544 alimwoa Anne van Hamme, wakapata binti mmoja. Alitibu majeraha ya askari vitani. Mwaka 1559 aliitwa Paris, pamoja na mpasuaji Ambroise Paré, kumwona mfalme Henry wa Pili wa Ufaransa aliyejeruhiwa kichwani katika mchezo wa mikuki. Mfalme hakupona. Huko Hispania Vesalius alikosa hata fuvu la kujifunzia, naye alilalamika juu ya hilo.

Mwaka 1561 Gabriele Falloppio, aliyefundisha baadaye katika chuo kilekile cha Padua, alichapisha masahihisho ya kazi ya Vesalius. Sasa ilikuwa zamu yake kusahihishwa. Hakumwita Falloppio mwendawazimu. Aliandika jibu refu, akikubali baadhi ya mambo na kubishia mengine, kwa heshima.

Mwaka 1564 aliondoka Hispania kwenda kuhiji Yerusalemu. Ilienezwa hadithi kwamba alimpasua mtu aliyekuwa hai bado na kwamba safari hiyo ilikuwa adhabu, lakini hadithi hiyo haina ushahidi wa kuaminika. Alipokuwa akirudi, aliugua na kufa katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, mwezi Oktoba mwaka huohuo. Alikuwa na miaka 49. Aliyefungua miili ya wengi hana kaburi linaloonekana.

Kazi yake haikufa. William Harvey wa Uingereza alisoma Padua, na mwaka 1628 alionyesha kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Vile vitundu alivyovitilia shaka Vesalius havikuwapo. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayoonyesha mifupa bila kisu. Masomo ya utabibu yalianza Makerere mwaka 1924, na Dar es Salaam mwaka 1963. Tabibu wa Bumbuli anapoinua picha ya eksirei kwenye mwanga na kumwonyesha mama mfupa wa mkono wa mwanawe ulipovunjika, anafanya kazi iliyoanza siku profesa kijana alipoacha kiti na kushika kisu mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Galen alikuwa mwaminifu, lakini alikosea. Sylvius aliona ushahidi, lakini alikataa. Makosa hayo mawili yana tofauti gani? Ni lipi lililo hatari zaidi katika kundi la watu wanaojifunza pamoja?

2. Mwalimu wa shule au wa darasa la Sabato anapoulizwa swali asilolijua, huweka "kichwa cha kondoo" mezani kwa njia gani? Darasa linaweza kumsaidiaje aseme kwamba hajui?

3. Je, ni halali kutumia elimu iliyopatikana kwa kuwadhulumu watu? Ikiwa ni halali, wanaoitumia wana wajibu gani kwa waliodhulumiwa?

4. Linganisha jinsi Vesalius alivyoyapokea mashambulizi ya Sylvius na masahihisho ya Falloppio. Ni nini kilichobadilika ndani yake katika miaka hiyo?